Shingo Tupu Ndani ya Zumaridi

Mkasi haujaondoka, wasomaji. Uko pale pale tulipouacha juma lililopita, umepenya chini ya shanga za Atabo, na aliyeushika ni Bi Jeptoo.

Najua mmenikasirikia. Mama mmoja alinishika shati sokoni Kitale akaniuliza, "Wewe, anakata au hakati? Nimeunguza ugali kwa sababu yako!" Pole, mama. Leo injika maji, utajua kabla hayajachemka.

Na wewe uliyeliokota gazeti hili leo, hata kama limekuja limefunga sukari, nakupa yote kwa pumzi moja. Atabo ni mzaliwa wa Kakuma, mke wa Ereng, anakaa Lodwar. Ereng alikuwa mwendesha boti ya samaki. Upepo ukaipiga, boti ikaokotwa Longech tumbo juu, mwenyewe asionekane. Lokol, mdogo wake Ereng, anamsukuma shemeji yake avue shanga, kwa maana zikitoka yeye ni mjane, na kwa mila mjane huyo ni wa Lokol. Atabo kakataa katakata. Sasa mchuuzi wa samaki kasema kamwona mtu mfano wa Ereng kule Lowarengak. Barabara ya huko ina ngoroko, majambazi wenye bunduki. Imebaki njia ya ziwani, na chombo kiendacho huko ni kimoja: Zumaridi, meli ndogo ya matajiri, inayotaka mwanamke wa kukaa na wageni mezani na kuwatafsiria. Jeptoo ndiye msimamizi wa wageni. Kampa Atabo kazi. Ila kuna habari ya nguo.

Haya, twende.

"Usitingishike," Jeptoo alisema.

"Mimi sitingishiki, Madam. Ni mkono yako."

Walikuwa chumbani kwa Jeptoo, nyumba za serikali Lodwar, bati limeshika joto na kitanda kimejaa nguo.

"Ngoja kwanza. Rudia nisikie. Mchana unavaa nini?"

"Kaki."

"Viatu?"

"Ya mpira, chini nyeupe. Kisigino hapana, inatoboa mbao ya meli."

"Kofia?"

"Ya kamba. Upepo inachukua ingine."

"Ukishuka ngazi?"

"Suruali. Sketi hapana, watu ya boti iko chini wanaangalia juu." Atabo aliokota vitambaa viwili vidogo vyenye maua. "Na hii?"

"Hiyo ni ya kuogelea."

"Na mamba?"

"Hiyo ni ya wageni, weka chini! Jioni je?"

Atabo aligeukia gauni. Lilikuwa refu, la kijani, na kola yake ilisimama mpaka kidevuni. Shanga zake nazo zilianzia kifuani zikapanda mpaka kidevuni, safu juu ya safu, nyekundu kwa mafuta ya miaka. Vitu viwili haviwezi kukaa shingo moja.

"Niache nivae gauni ingine, yenye iko wazi."

"Haiko ingine. Na hata ingekuwako, mwenye meli amekataza shanga. Safari iliyopita uzi ulikatika pale sitahani, bibi mmoja wa Nairobi akateleza akavunja mkono. Gari inaondoka sasa hivi, Atabo. Unakwenda au unabaki?"

"Kwetu shanga haitoki hivi hivi, Madam."

"Hata kwetu pete haitoki hivi hivi. Lakini nikikanda chapati naitoa, naiweka dirishani, nikimaliza narudisha. Kuna nani amekufa?"

Basi hapo, wasomaji, ndipo mambo yalipoharibika. Jeptoo hakuwa mtu mbaya. Ni mtu wa Eldama Ravine aliyedhani shanga ni pete.

Atabo alitaka kumweleza. Alitafuta maneno, hakuyapata. Tangu siku ile boti ilipookotwa alikuwa hasikii kitu. Alimwagikiwa na chai ya moto mkononi akautazama mkono kama wa mtu mwingine. Watu walimwambia lia, ulie utoe, naye akajaribu, akakunja uso mbele ya kioo, macho makavu. Mimi ningelia nikagaragara. Yeye alikuwa ganzi tu, kichwa mpaka kidole cha mguu.

Akawaza: nikibaki na shanga sitamwona. Nikizitoa, huenda nikamwona.

"Lete," akasema, akaupokea mkasi, akakata mwenyewe.

Shanga ziliporomoka kwenye kanga ya Jeptoo kwa kelele. Shingo ilibaki nyeupe kidogo kuliko uso, imekondeana kama ya mtu aliyetoka hospitali. Atabo aliishika.

"Unasikia uchungu?" Jeptoo akauliza.

"Hapana. Nasikia upepo."

Wakatoka. Landrova ilikuwa imesimama karibu na mahali wanawake wanapouza vikapu vya mkoma. Atabo alikuwa na kaki, viatu vya mpira na kofia ya kamba, na wanawake wakaanza kucheka kwa utani.

"Ejok, Atabo! Umekuwa askari?"

"Ejok," akaitikia salamu, akainama kuingia garini. Kola ya kaki ikafunguka.

Kicheko kilikatika. Mama Ekuru, muuza vikapu, mtu mzima mwenye sauti, aliweka kikapu chini, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe ambalo nadhani lilisikika ng'ambo ya mto Turkwel. Wengine wakampokea.

"Mama, hapana!" Atabo alishuka mbio. "Hapana kufa mtu! Ni nguo tu! Ni nguo ya kula chakula ya jioni!"

Ekuru alimkumbatia akimlilia begani. "Mwanangu, pole. Nguo haiondoi shanga. Kifo ndiyo inaondoa."

"Nakuambia ni nguo!"

"Pole, mwanangu. Pole, pole."

Kadiri alivyokana, ndivyo walivyomhurumia. Walisema msiba umemzidi, anapayuka. Dereva akapiga honi. Jeptoo akamvuta mkono, na gari likatimua vumbi kuelekea ziwani, huku nyuma kilio kikienda mlango kwa mlango.

"Kwani umewafanyia nini hao?" Jeptoo aliuliza.

"Nimemzika bwana yangu," Atabo alisema, kwa sauti ile ile ya kusema kesho ni Jumanne.

Jeptoo akafunga dirisha vumbi lisiingie. Wakafika Longech.

Zumaridi ilikuwa nyeupe, fupi, safi kuliko chumba cha daktari. Wageni wake walikuwa mabwana wa Nairobi na wake zao, na Wazungu waliochomwa na jua mpaka pua zikabambuka. Mlangoni mwa meli alisimama Nanok, kijana wa kwao Atabo aliyekuwa mpakuzi wa chakula na mkaguzi wa viatu. Mwenye kisigino alirudishwa. Alipofika Atabo, Nanok alitazama viatu, akapandisha macho mpaka shingoni, akayashusha haraka.

"Pole, dada," alinong'ona.

"Usianze na wewe."

Jua lilipokuwa linazama, kengele ya chakula ililia. Atabo alitoka na gauni la kijani, kola imesimama, na mezani wote wakageuka kumtazama. Bwana mmoja akasogeza kiti. Bibi mmoja akauliza ni fundi gani wa Nairobi kalishona. Samaki akaletwa, sangara mzima na limau. Jeptoo kwa mbali akapumua. Mambo si hayo sasa?

Ala! Kumbe kapteni ana tabia ya kufungua redio jioni ili asikie habari za upepo kutoka misheni. Misheni za Turkana huitana asubuhi na jioni, na mwenye redio yoyote husikiliza. Kapteni akaongeza sauti.

"Lodwar, Lodwar, hapa ni Kakuma. Tumepata habari yenu ya msiba. Tumetangaza kwa watu. Ule mjane wa Ereng, ule ametoa shanga leo, mwambieni familia inasema pole. Lokol, ndugu ya marehemu, amechinja mbuzi. Anasema mjane asisumbuke kurudi Kakuma. Yeye mwenyewe anashuka Longech kumngoja. Lowarengak, kama mko hapo, tangazeni kwa watu yenu pia. Ova."

Waliojua Kiswahili waliacha kula. Wasiojua waliwatazama waliojua. Jeptoo aliangusha glasi.

"Ereng si ndiye mumeo?" bwana wa Nairobi, ambaye Jeptoo alishamsimulia, alimuuliza Atabo taratibu.

"Ndiye."

"Masikini! Na unakula nasi?"

Atabo alitazama sahani. Uma ulikuwa mkononi na kipande cha samaki kilikuwa kwenye uma. Hakuona sababu ya kukirudisha. Alikiweka mdomoni, akatafuna, akameza, akakata kingine. Nanok, mikononi ana bakuli la viazi, aliona yote.

Jeptoo alimfuata ubavuni mwa meli. "Atabo, naapa sikujua. Si ungesema?"

"Nilisema."

"Ungesema kwa nguvu! Ungepiga kelele!"

"Nguvu haiko, Madam. Nilitafuta haikupatikana."

Jeptoo alilia yeye. Alilia kwelikweli, kamasi na yote, akajifuta kwa mkono wa gauni lake la hariri. Atabo akampigapiga mgongo.

Asubuhi walipita karibu na Kataboi. Wanawake walikuwa ufukweni wakianika samaki. Habari ilishafika. Walipomwona mwenzao sitahani, shingo tupu, waliacha samaki wakaanza kuomboleza, na wageni wakakimbilia kamera zao.

"Wanaimba nini?" bibi wa Kizungu aliuliza kwa furaha.

Kazi ya Atabo ilikuwa kutafsiri. "Wanasema karibu," akasema.

Mchana, Lowarengak. Nanok alitangulizwa na boti ndogo atafute kivuli cha wageni. Alirudi akipiga makasia kama anayefukuzwa, akaanza kupiga kelele kabla hajafika.

"Dada Atabo! Yuko! Ereng yuko! Mzima! Anatembea na fimbo, mguu ulivunjika, lakini ni yeye! Amesimama pale anakungoja, anacheka!"

Jeptoo alirukaruka mpaka sitaha ikatikisika. Bwana wa Nairobi akapiga makofi. Atabo aliuliza swali moja tu.

"Anacheka?"

"Meno yote nje!"

Alishuka na suruali, kaki na viatu vya mpira. Jeptoo akashuka naye. Ufukweni watu walikuwa wamesimama nusu duara, na katikati yao ni Ereng, amekonda, ameegemea fimbo. Kweli alikuwa anatabasamu. Atabo alimtambua mara moja. Alingoja moyo uruke. Haukuruka.

Kabla hajamkaribia, Mama Nakal, bibi kizee wa pale ambaye neno lake halirukwi, aliinua mkono.

"Simama hapo. Kakuma wamechinja. Redio imesema mtu hii imekufa, na sasa imesimama inakula tumbako yangu. Wewe, mwanamke, umetoa shanga?"

"Nimetoa."

"Basi wewe ni mjane, ni wa Lokol. Na hii hapa ni maiti."

Watu wakaguna. Jeptoo akajitosa. "Mama, mimi ndiye nilimlazimisha! Ilikuwa sababu ya nguo, nguo ya kula! Sheria ya meli!"

"Nguo ya kula?" Mama Nakal alimtazama kutoka kofia mpaka viatu. "Nyinyi watu ya chini, ya Nairobi, mnavaa nguo ya kula? Na ya kulala iko ingine?"

"Iko ingine," Jeptoo alikiri.

Watu wakacheka, hata kizee akacheka. Kisha akakunja uso tena, akafikiri.

"Sikilizeni. Mjane anatoa shanga. Mjane ananyoa kichwa. Mjane analia. Hiyo ndiyo kuzika mtu. Huyu nywele yake iko. Sasa niambieni, nani alimwona akilia?"

Akamgeukia Nanok.

"Nanok, wewe ulikuwa huko."

"Hakulia, mama," Nanok alisema, na uso ukang'aa, maana alijua anamwokoa. "Naapa kwa Mungu! Redio ilisema bwana yake amekufa, wengine wote wakaacha chakula, yeye akakula samaki. Akamaliza. Nilimwongezea viazi!"

"Basi!" Mama Nakal alipiga kiganja. "Hapana msiba hapa. Shanga imetoka bure. Mke ni ya Ereng. Lokol akule mbuzi yake peke yake!"

Vigelegele vikapanda. Jeptoo akamkumbatia Nanok bila kujua anamkumbatia nani. Mimi mwenyewe, wasomaji, nilipofika hapa niliweka kalamu chini nikanywa chai nikijua hadithi imekwisha salama.

Lakini Ereng hakuwa anacheka tena.

Alikuja mpaka mbele ya mkewe. Kwa karibu, Atabo aliona mguu umepona vizuri, umepona zamani.

"Ulikula?" Ereng aliuliza.

"Nilikula."

"Na viazi?"

"Na viazi."

"Hata chozi moja?"

"Ereng, haikutoka. Nilijaribu. Mimi sisikii kitu tangu boti ilipopatikana. Si kwa ubaya."

"Mimi nilisikia kwa redio umetoa shanga, nikasema, sasa! Sasa amelia. Nikaoga, nikasikia uko melini, nikaja hapa mbio na mguu huu." Alitikisa kichwa kama mtu aliyedhulumiwa sokoni. "Kumbe ni nguo."

Atabo alimtazama. Kitu kilijongea mahali fulani kifuani, polepole.

"Redio ya wapi?"

"Ya misheni. Nafagia pale. Nalala nyuma yake."

"Tangu lini?"

Ereng alitazama mchanga.

"Tangu lini, Ereng?"

"Tangu mguu kufungwa."

"Kila siku unasikia Lodwar ikiongea. Kila siku wanauliza, nani ameona mtu ya Kakuma, mwendesha boti. Nilikwenda mimi mwenyewe kuomba waulize. Nilisimama pale padre akiuliza."

"Nilisikia."

"Ulisikia."

"Nilimpa padre jina lingine. Nilitaka kuona." Sasa alikuwa ananong'ona, watu wasisikie, ila kwa kimya kile hata mbuzi walisikia. "Boti ilipopinduka niliwaza, huyu mwanamke atanililia? Wewe hukuwa mtu wa kuonyesha, Atabo, hata nikiwa nyumbani. Nikasema wacha ninyamaze kidogo. Akitoa shanga nitarudi. Wewe hutoi! Miezi inapita, hutoi! Watu wanasema amekaa tu, hata halii. Nilikuwa nangoja unililie, nirudi."

Nanok aliachia mdomo wazi. Jeptoo alisema neno la Kikalenjin ambalo mhariri hataliruhusu.

Na Atabo, yule ganzi, yule wa macho makavu, alisikia. Moto ulianza tumboni, ukapanda, ukafika kooni, mkali kama pombe. Haukuwa huzuni. Alikuwa amekasirika, amekasirika mpaka vidole vikamwuma, na maumivu yale yakampendeza kwa sababu yalikuwa yake. Machozi yakaanza kumtoka, mengi, yakashuka mpaka shingo tupu.

Ereng aliyaona, uso ukamng'aa. "Si ndiyo hayo! Mke wangu, si ndiyo hayo!" Akanyoosha mkono.

Atabo alirudi nyuma, akageuka.

"Mama Nakal. Shanga nimetoa. Machozi hii hapa, watu wote wameona?"

"Tumeona," kizee alijibu taratibu.

"Nani ana wembe?"

Jeptoo alimrukia. "Atabo, usiwe mjinga! Huyu ni mzima! Ukinyoa wewe ni mjane, na Lokol yuko Longech anakungoja!"

"Lokol nitapigana naye, Madam, mkono yangu imeamka. Huyu nimemaliza." Akavua kofia ya kamba, akaitupa, akapiga magoti kwenye mchanga, kichwa ameinamisha mbele ya bibi kizee. "Mama, bwana yangu amekufa. Ninyoe."

Ereng aliangusha fimbo. "Mama Nakal, mimi niko hapa! Niko hapa!"

Mama Nakal hakumtazama. Alitia mkono ndani ya ngozi aliyovaa, akatafuta, akautoa wembe, akaufuta kwa kidole gumba.